Mukhwana ni Yupi?

Benchi langu la kwanza lilichomwa mwisho wa Desemba, kwenye vurugu za uchaguzi, pamoja na meza ya jirani yangu wa viazi. Hili la sasa ni ubavu wa kitanda cha mtu aliyehama bila kuaga. Liko hapa Kianda, mtaa wa mabanda wa Nairobi, kando ya njia iendayo mtaa wa Olympic, na ukikaa upande wa kushoto omba Mungu mwenzako wa kulia asinyanyuke ghafla. Jina langu Mulwa, nauza kahawa ya tangawizi na mandazi, lakini kijiweni wamenibandika jina la Chungu, wanasema ni kwa sababu ya kahawa. Wateja wa kudumu ni watatu. Kimanzi mpiga picha ndiye Flash. Khaemba fundi wa redio ndiye Waya. Na Maurice, mlinzi wa usiku pale Nyayo Highrise na mtumishi wa kanisa, ndiye Shemasi, mtu anayejua methali zote za Kiswahili isipokuwa mahali pa kuzitumia. Ilikuwa mwisho wa Machi, wakubwa wa siasa walikuwa wameshapeana mikono kwenye televisheni, nasi tumeanza tena kubishana kwa sauti. Nilifurahi sana, maana Januari na Februari watu walikunywa kahawa kimya, na mimi mteja anayekunywa kimya simpendi.

Alhamisi asubuhi Flash alikuja ameshika kitu kidogo kati ya vidole viwili, kama mtu aliyekamata kunguni.

– Niaje wazee. Hii kadi imekataa.

– Imekataa nini? akauliza Waya.

– Imekataa kila kitu, maze. Nikiiweka kwa kamera, inaniambia iko na makosa. Nikiitoa nirudishe, makosa. Na picha zangu zote za Krismasi ziko ndani.

Picha za Krismasi si mchezo huku kwetu. Siku hiyo watu huvaa nguo mpya, wakapanda mpaka kwenye lango la Nyayo Highrise, wakasimama mbele ya maua ya wenyewe wapigwe picha, ili jamaa zao mashambani wadhani tunakaa ghorofani. Shemasi ndiye huwaruhusu, akijifanya hawaoni. Flash alikuwa apeleke kadi studio sikukuu zikiisha, lakini zilipoisha studio yenyewe ilikuwa majivu.

– Uliiweka wapi siku zile? Waya akauliza.

– Kwa soksi. Kamera walininyang'anya pale kwa reli, lakini kadi nilikuwa nimeichomoa mapema. Hii kamera ya sasa nimeazima.

– Kwa soksi siku ngapi?

– Mpaka nikafika kwa brathe yangu. Lakini hizo siku zote sikuvua viatu.

Shemasi akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

– Mficha uchi hazai.

– Sasa hiyo inaingiana aje na soksi, Shemasi?

– Si ameificha? Na si imekataa kuzaa? Basi.

Waya alikuwa tayari ameichukua kadi. Akaiangalia juani, akainusa, akairudisha mbali na pua haraka.

– Hii ni jasho. Jasho ni chumvi, chumvi huleta kutu. Chungu, uko na kifutio cha penseli?

Sikuwa nacho. Waya akatumia soli ya ndala yangu, upande safi, akasugua zile dhahabu za nyuma ya kadi mpaka zikang'aa. Flash akaiingiza kwenye kamera. Tukainama wote vichwa vikagongana.

– Makosa.

– Ilale ndani ya mchele usiku mmoja, nikasema mimi. Mchele hunyonya maji.

– Maji gani? Hii haina maji, ina jasho, akasema Waya. Na tena si jasho. Nimebadilisha mawazo. Shida ni betri.

– Kadi haina betri, buda.

– Nani amekuambia? Kitu chochote chenye kukumbuka kiko na betri. Hata kichwa yako. Ukilala njaa unakumbuka nini? Hii imelala njaa tangu Desemba. Nipe niende nayo kwa duka, niiguse kidogo tu na betri ya gari.

Flash akaikumbatia kadi kwa mikono miwili.

– Betri ya gari? Waya, hii ni ndogo kuliko kucha!

– Kidogo tu, nimesema. Kuishtua.

– Mimi naona ni vitoa machozi, Flash akasema. Siku hiyo hewa yote ilikuwa moshi. Si sisi tulikuwa hatuoni? Basi na yenyewe ilipofuka.

– Samaki mkunje angali mbichi, akasema Shemasi. Tuikunje kidogo.

– Hakuna mtu atakunja kadi yangu!

– Basi sikiza, Shemasi akasema, na sauti yake ikashuka ikawa ya kanisani. Hizo picha hazijaharibika. Zimehama. Nyinyi wenyewe mlipoona moto, si mlitoka? Sasa picha ni watu. Zimeona mambo, zimetoka, ziko mahali zimejibanza. Mkiendelea kuzifinya namna hii hazirudi. Wekeni kadi mahali pa amani, mnyamaze, siku moja mtakuta zimerudi zenyewe.

Tungemcheka siku nyingine. Siku hiyo hatukumcheka, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na jirani aliyejibanza mahali.

Hapo ndipo Mama Pacha akaja, akiegemea gongo lake, na nyuma yake Kaluki amewabeba watoto wote wawili, mmoja mgongoni na mmoja kifuani.

Lazima niwaeleze hawa wawili. Mama Pacha ni Phanice, muuza samaki omena wa mtaa wa Kisumu Ndogo. Agosti alijifungua pacha, wavulana wawili wa kufanana mpaka inachosha macho. Kwao Uluhyani pacha huja na majina yao tayari, wa kwanza ni Mukhwana na wa pili ni Mulongo, hakuna kuchagua. Kaluki alikuwa jirani yake mlango wa pili, Mkamba mwenzangu, muuza mboga za sukuma. Usiku ule ploti yao ya vyumba ilipochomwa, bati lilimwangukia Phanice mguuni akazirai. Watu wakamkimbiza hospitali. Kaluki akawazoa watoto, akatembea nao mpaka Kawangware kwa dada yake, na huko akawalisha uji na maziwa kama wake. Phanice alipopata fahamu hakuwa na simu wala watoto, na ploti ya kuulizia haikuwepo tena; mguu nao ukamlaza wodini karibu miezi mitatu. Kila Jumapili Kaluki alikuja hapa kwangu: "Mulwa, mama yao ameonekana?" Na kila Jumapili nilimwambia bado. Kisha wiki ya Pasaka, mwanamke mwenye gongo akaketi hapa, akanywa nusu kikombe, akauliza kama kuna mtu ameona mama mmoja Mkamba ana watoto wawili. Niliacha birika motoni nikaenda Kawangware mwenyewe. Niliporudi na Kaluki na wale watoto nililia mbele ya wateja, na sioni haya kusema.

Sisi tulidhani hadithi imeishia hapo. Kumbe tangu siku ile Phanice alikuwa akimsumbua Flash kila asubuhi kwa ajili ya picha moja ya Krismasi.

– Imefunguka? akauliza sasa, hata kabla ya salamu.

– Bado, Mama Pacha. Tuko nayo tu hapa, tunaijadili.

– Lakini Mama Pacha, Waya akasema, picha moja inakutesa hivi ya nini? Watoto wenyewe si hawa hapa? Wazima, wamenona. Mimi ningekuwa wewe ningekunywa kahawa.

Phanice akaketi. Upande wa kushoto, kwa hiyo tukamshikilia. Akasema kwa sauti ya mtu anayekiri kanisani.

– Sijui Mukhwana ni yupi.

Nikateremsha birika motoni.

– Nilimfunga uzi mwekundu mkononi siku ile walizaliwa. Wa kwanza, uzi. Kila siku nikiwanyonyesha, nikiwaosha, ni uzi nilikuwa naangalia. Sikuwa naangalia mtoto. Sasa nimewapata na uzi haupo. Mama gani hajui mtoto wake? Niambieni nyinyi. Mama gani?

Kaluki, ambaye alikuwa anamtikisatikisa yule wa kifuani, akaanza kulia.

– Ni mimi niliukata, dada. Nilikuambia. Tulifika Kawangware nikaona mkono umevimba, uzi umemuingia. Nikakata na wembe nikatupa. Mimi nilifikiria ni uzi tu wa kuzuia jicho baya. Singekata ningejua.

– Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema Shemasi kwa upole, akitaka kumfariji.

Wote tukaangalia mguu wa Phanice. Shemasi naye akauangalia. Nikachukua kikombe cha Shemasi kikiwa nusu, nikamwaga.

– Na picha itasaidia aje? akauliza Flash polepole.

– Kwa picha uzi uko. Nitaona aliyevaa uzi, niangalie uso wake, masikio, nywele, nilinganishe na hawa. Kuna mmoja nywele zake za kisogoni zimezunguka mara mbili. Na kuna mmoja sikio limekunjika. Nitajua tu. Lazima nijue. Jumamosi mama mkwe anakuja kutoka Bungoma. Mwanawe, mume wangu, yuko Kampala na malori, na mama mwenyewe hajawaona hawa watoto tangu wazaliwe. Kwetu kukhu, bibi yao, akija kuona pacha, Mukhwana ndiye anatangulia kuwekwa kwa mikono yake. Kitu cha kwanza atauliza ni hicho. Mukhwana ni yupi.

– Si umpe yeyote? akasema Waya. Mama mkwe atajuaje?

– Mimi nitajua, akasema Phanice. Maisha yao yote, mkubwa ameitwa mdogo, na mimi nitakuwa nalijua hilo peke yangu.

Waya akajifanya anapuliza kahawa yake. Ndiyo mara ya kwanza nimewahi kumwona anashindwa bila kugeuza maneno.

– Na ukiwaita? nikauliza mimi. Watoto wa miezi saba hugeuka wakiitwa.

Phanice akacheka kicheko kisicho na raha.

– Kaluki, waite.

– Wacha tu, dada.

– Waite waone.

Kaluki akajifuta pua na leso.

– Mutuku, akasema. Yule wa mgongoni akachungulia begani kwake akitafuta uso. – Kioko. Yule wa kifuani akatabasamu na fizi zake zote.

Kwa wasio Wakamba: Mutuku ni aliyezaliwa usiku, Kioko ni aliyezaliwa asubuhi. Kaluki alikuwa anawajua kama "pacha" tu, kama sisi wote. Alipobaki nao akaona hawezi kulea watoto wasio na majina. Mmoja alikuwa akilala mchana na kulia usiku kucha, mwingine anaamka na majogoo akicheka. Akawapa kwa hesabu hiyo.

– Mmeona? akasema Phanice. Wanajua hayo. Mimi siwezi kuwaita hayo, mimi siyo niliwapa. Na yangu naogopa, nitakosea. Sasa wiki nzima nawaita "wewe". Wewe njoo. Wewe kula. Na hawageuki.

Nikamuongezea kahawa bila kuulizwa. Sina dawa nyingine.

Kaluki akajisogeza karibu na benchi.

– Kawangware kuna msichana wa saiba, hiyo duka ya kompyuta, anaitwa Everlyne, anakaa ploti moja na dada yangu. Anasema kadi ikiharibika picha haziendi. Zinabaki ndani, ni ile orodha ya kuzionyesha imepotea, kama nyumba zimebaki lakini mtu amefuta namba za milango. Yuko na programu ya kugonga kila mlango. Bora tu mtu asipige picha ingine juu yake.

– Si ndiyo nilisema? akasema Shemasi. Zimejibanza.

– Ulisema tuikunje, akasema Flash. Akaifunga kadi kwenye karatasi ya sigara, akampa Kaluki, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mikono yake ikawa haina cha kushika.

Jumamosi benchi lilijaa kabla birika halijachemka. Shemasi alitoka zamu akaja moja kwa moja na koti lake la ulinzi. Waya alifunga duka, akaandika nje kwa chaki kwamba ameenda kununua vipuri. Phanice alikuwa ameketi na watoto wote wawili kwenye leso chini miguuni pake, amevaa gauni la kuazima na ameshasuka nywele. Alikuwa mzuri.

Kaluki akashuka njia na bahasha mkononi.

– Everlyne amejaribu mpaka saiba ikafungwa, akasema. Hizo zingine zilikufa zote. Lakini hii moja imetoka. Imetoka nusu.

Akampa Phanice. Sisi tukasimama nyuma yake, adabu tukaisahau.

Juu ya karatasi kulikuwa na maua ya Highrise, mekundu ya kupendeza. Chini ya maua, Phanice anacheka, kinywa wazi, jino la pembeni linaonekana. Kila upande wa shingo yake kichwa cha mtoto, macho manne makubwa yanamwangalia Flash kwa mashaka. Halafu kwenye mabega yao picha ilikatika. Kutoka hapo kwenda chini ilikuwa kijivu tupu, kijivu kama saruji mbichi. Hakukuwa na mikono, na uzi ulikuwa mikononi.

Phanice aliipapasa ile sehemu ya kijivu kwa kidole, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi. Haikufutika.

– Nilikuwa nimenona, akasema mwishowe.

– Ulikuwa umependeza sana, Mama Pacha, nikasema, na ilikuwa kweli.

– Msikufe moyo! akasema Waya. Hii inatosha. Mama Pacha, kawaida ulikuwa unambeba Mukhwana mkono gani?

Phanice akafikiri, akainua mikono yake mitupu, akaipima hewani.

– Kulia. Kila siku kulia, ndio mkono wa kushoto ubaki wa Mulongo.

– Imeisha! Wa kulia kwa picha ni Mukhwana. Huyu hapa, sikio limekunjika. Tafuteni sikio!

– Ngoja, akasema Flash. Kulia kwa picha ni kushoto kwake.

– Kwa nini iwe kushoto? Hii siyo kioo.

– Si kioo, lakini alikuwa anatuangalia.

– Kamera iko na kioo ndani! Kioo kinageuza, halafu karatasi inageuza tena. Mbili zikigeuza zinarudi pale pale. Ni kama waya za chanya na hasi.

– Siku ya hukumu, akasema Shemasi, kondoo watakuwa mkono wa kuume. Na mkono wa kuume ni wa anayeketi, siyo wa anayetazama. Kwa hivyo fuateni Biblia.

– Lakini yeye alikuwa amesimama!

Nikalazimika kusimama mbele yao na mandazi mawili, moja kila mkono, niwe Phanice. Flash akachuchumaa awe kamera. Waya akasema andazi la Mukhwana ni hili, Flash akasema ni lile, Shemasi akanizungusha ili aone kwa nyuma, na nilipozunguka wakasahau wote lipi lilikuwa lipi. Kaluki akacheka. Phanice naye midomo ikamcheza kidogo. Halafu Flash, akiwa bado amechuchumaa, uso ukambadilika.

– Wazee. Aki ya Mungu nimekumbuka kitu.

– Nini?

– Mmoja alikuwa anaangalia maua, hataki kuangalia kamera. Nikamwambia Mama Pacha ambadilishe mkono.

– Na akabadilisha?

– Akabadilisha. Halafu yule mwingine akaanza kuangalia maua.

– Ukambadilisha tena?

– Nafikiri. Ama nilipiga tu. Maze, sikumbuki. Nilikuwa na foleni ya watu wanangoja.

Waya akachukua andazi moja mkononi mwangu akaliuma. Mjadala ukawa umekufa hivyo. Phanice akaikunja picha mara moja, akaikunjua tena, akaiweka kifuani ndani ya gauni.

– Ni sawa, akasema. Mmejaribu. Mungu awabariki.

Tungependelea atutukane.

Hatukuwa tumeketi vizuri tulipomwona mama mmoja akija polepole kutoka upande wa stendi. Alikuwa mnene, mzee kiasi, kitambaa cha kanisa kichwani, begi la nailoni begani na kuku jike chini ya kwapa. Miguu ilikuwa imevimba ikafurika viatu. Alisimama mbele ya benchi akihema.

– Mulembe, akatusalimia wote kwa mkupuo. Hii Nairobi yenu haina mahali pa kukaa? Nimesimama tangu Nakuru. Nimeambiwa nyumba ya mama wa pacha ni huku.

Phanice alikuwa ameshanyanyuka, gongo likaanguka.

– Mama. Karibu, Mama.

Mama mkwe akamshika bega, akamwangalia mguu, akasonya kwa huruma. Halafu akaona leso chini, na vile vichwa viwili. Uso wake wote ukalainika, uchovu wa njia ukamtoka. Akauliza kile alichosafiri kuja kuuliza.

– Mukhwana ni yupi?

Waya, mwenye jibu la kila kitu chini ya jua, akachungulia ndani ya kikombe chake. Flash akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Mimi nilikoroga kahawa isiyo na sukari. Kuku peke yake ndiye aliyetoa sauti.

– Sijui, Mama, akasema Phanice.

– Hujui aje?

– Nilikuwa namjua kwa uzi, na uzi ulikatwa. Nimetafuta picha, picha imekatika. Nimeangalia masikio, nimeangalia nywele, nimeomba. Sijui. Singetaka kukudanganya.

Mama mkwe akamhamishia kuku kwapa la pili. Hakuwa na hasira usoni, wala hakuwa na hekima yoyote, alikuwa mtu aliyechoka tu anajaribu kuelewa.

– Sasa wakilia usiku, akauliza, unawaita nani?

Phanice akamwangalia Kaluki. Kaluki alikuwa amerudi nyuma kabisa, karibu na jiko langu, anachezea ncha ya leso. Halafu Phanice akajishusha chini, na ule mguu wake mbovu, mpaka akapiga goti kando ya watoto. Najua iliuma.

– Mutuku, akasema.

Mmoja alikuwa anatafuna pindo la leso. Aliacha. Akageuza kichwa, akainua macho, akautafuta uso wa aliyemwita mpaka akaupata.

– Kioko.

Na mwingine naye akageuka. Wakawa wote wawili wanamwangalia yeye, mama yao, kwa mara ya kwanza tangu arudi. Kioko akatabasamu. Phanice akajifunika mdomo kwa kiganja akalia. Sisi wanaume watatu na mlinzi mmoja tukapata kila mmoja kitu cha kutazama mbali.

– Hayo si majina ya kwetu, akasema mama mkwe.

– Si ya kwetu, Mama. Ni ya huyu hapa. Ndiye aliwabeba akatoka nao. Mimi walinipata tayari wanaitwa.

Mama mkwe akageuka. Alimtazama Kaluki kutoka kichwani hadi kwenye ndala, na Kaluki akasimama wima kama ameitwa na chifu. Niliogopa. Miezi ile tulikuwa tumesikia watu wakiulizana majina kwa sababu mbaya sana. Shemasi akafungua kinywa, nikaona methali inakuja, nikamkanyaga mguu.

– Shika kuku, mama mkwe akamwambia Kaluki.

Kaluki akampokea kuku. Yule mama akashusha begi, akaketi kwenye benchi, upande wa kushoto, na hakuna aliyethubutu kumwonya. Akanyoosha mikono yake yote miwili.

– Nipe.

– Nani atangulie, Mama?

– Kwani nimekuja na mkono mmoja? Nipe wote.

Phanice akamwinua mmoja, Kaluki, akiwa na kuku kwapani, akamwinua mwingine, wakawaweka kwenye yale mapaja mapana kwa pamoja. Mutuku akashika kile kitambaa cha kanisa akakivuta kikafunguka. Bibi yake akaanza kumwimbia kitu cha kwao, polepole, halafu akamgeukia Kioko akamwimbia vile vile, asije akaona kijicho.

Niliwapa kahawa wote, na Shemasi nikamrudishia ile nusu ya Alhamisi. Jua lilipoanza kuchoma wakaondoka kuelekea chumba alichopangiwa Phanice, yeye mbele na gongo lake, mama mkwe nyuma na watoto wote wawili kifuani, amekataa kabisa kusaidiwa. Walikuwa wameshafika kwenye kona Kaluki alipogutuka kwamba bado ameshika kuku wa watu. Akakimbia nyuma yao akimwita mama mkwe amchukue kuku wake. Nilimwona yule mama akikataa kwa kichwa, maana mikono yake ilikuwa imejaa.